Karatasi Kumi za Mama Oresta

Chama chetu cha taifa cha kulenga shabaha kilikuwa na ofisi ya kuazima Dar es Salaam na wapigaji wanne. Timu ni watu watano, na fomu ya mashindano ya nje ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi. Mimi ndiye katibu. Nilipodokezwa kwamba Matiri, milimani kule Mbinga, kuna mama aliyefunzwa na mgambo, anayelinda mahindi ya kijiji kizima dhidi ya nguruwe pori, wenzangu walicheka. Nilifunga begi siku hiyohiyo.

Kutoka Songea nilidandia lori la mnunuzi binafsi wa kahawa. Siku hizo ushirika haukuwa tena peke yake sokoni, na malori ya namna hiyo yalikuwa yakishindana barabarani. Tulipita Kigonsera, na Mbinga nikashuka mwekundu kwa vumbi.

Kesho yake asubuhi nilipanda Matiri kwa miguu. Mama Oresta alikuwa mteremkoni akichimba ngolo, mashimo ya wenyeji ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Habari za safari yangu zilikuwa zimeshamfikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Dar es Salaam kwa ajili ya bunduki?"

"Kwa ajili yako."

Alikung'uta jembe. "Miaka yote nalenga kwa ajili ya mahindi ya watu. Mara moja nataka kulenga kwa ajili yangu. Twende. Baba Oresta atalinda, ingawa yule akikaa tu, amelala."

Siku ya tatu tuliteremka kona baada ya kona hadi Mbamba Bay, kwenye uwanja wa shabaha chini ya kilima. Msimamizi wetu, Bwana Haule, alisoma kanuni: risasi kumi, asiyezimaliza hachaguliwi.

Mama alilala kifudifudi, akapiga. Katikati kabisa! Kisha akaweka bunduki chini, akasimama, akaanza kupangusa mchanga kwenye khanga.

"Bado tisa, mama," nilimwambia.

"Za nini? Huyu ameshakufa. Kijijini nikipiga mzoga, mwenyekiti hanipi risasi tena."

Nilimbembeleza, hakutaka. Haule akafunga daftari. Niliumia, kisha nikakasirika. Nilichukua ile kanuni niliyoiandika mwenyewe, nikaisoma upya. Ilidai risasi kumi. Karatasi ngapi, haikutaja. Nilikimbia nikabandika karatasi mpya.

"Mama, ameingia mwingine shambani!"

Alirudi chini mara moja. Kila alipopiga aliweka bunduki chini, Haule akapunga bendera, nami nikakimbia kubadilisha. Kufikia ya sita ni yeye aliyenifokea: "Harakisha, wanamaliza mahindi!" Zote kumi zilitua ndani ya duara jeusi. Haule alizikagua mara mbili, akaandika jina la mama kwenye fomu.

Tukirudi Mbinga nilikuwa sina miguu. Nilikuwa nimejifunza kwamba kanuni zetu tuliziandika sisi tunaopiga kwa kujifurahisha, ambao risasi kwetu si kitu.

Mama Oresta alinitazama nikijikanda magoti.

"Mwanangu, huko ng'ambo nani atanibadilishia karatasi?"

"Mimi, mama."

"Basi anza mazoezi."