Niliitwa jasusi Same enzi za Ujamaa, na utani wa filamu za kijasusi ukaniokoa

Wakuu, habari za mchana. Humu wenye umri wangu tupo wachache, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaziandika. Marahaba.

Juzi kuna kijana kafungua uzi analalamika kwamba filamu za kijasusi za siku hizi zimeharibika. Eti stelingi anajitania mwenyewe, anawakonyeza watazamaji, anacheka mambo yaleyale aliyoyafanya kwenye filamu zilizotangulia. Yeye anataka ujasusi serious.

Nilisoma komenti zote. Nikacheka. 

Kijana wangu, utani huo haukuanza leo. Mimi nimeuona tangu enzi za Ujamaa, kwenye godauni la mkonge, na kama si huo utani sijui ningeishia wapi. Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Nimezaliwa Mamba, kwenye milima ya Upare. Nilipomaliza mafunzo ya ualimu nikapangiwa kufundisha elimu ya watu wazima huko chini tambarare, kwenye shamba la mkonge kati ya Same na Hedaru. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili. Nilishuka na sanduku la bati na blanketi zito ambalo kule chini halikuwa na kazi yoyote. Joto la Same wanaolijua wanalijua.

Wanafunzi wangu walikuwa wakata mkonge na wake zao. Watu wa kila kona ya nchi: Songea, Kigoma, Singida, na Wapare wenzangu walioshuka mlimani. Darasa saa tisa alasiri, ndani ya godauni ambalo halikuwa na kazi tena. Wengine wananizidi umri mara mbili, lakini wananiita Mwalimu Nakunda kwa heshima zote.

Sasa hilo godauni Jumapili mchana lilikuwa sinema.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa Hedaru, Bwana Salimu, mwenye mashine ya kuonyeshea filamu. Anakuja na pikapu yake, madirisha yanazibwa kwa magunia, shuka jeupe linatundikwa ukutani. Watu wanakaa chini, wengine juu ya mikokoteni. Na filamu alizopenda kuleta zilikuwa za jasusi mmoja wa Kizungu. Zilikuwa nyingi, zinafuatana, stelingi ni yuleyule.

Huyo stelingi alikuwa anavaa suti nyeupe. Anaruka kutoka kwenye treni, suti nyeupe. Anatumbukia mtoni, anatoka, suti nyeupe. Nyumba inalipuka nyuma yake, yeye anajipangusa bega na kuondoka.

Filamu ni ya Kiingereza, na watu hawakijui. Hapo ndipo anapoingia Bwana Pius.

Pius alikuwa mkata mkonge kutoka Songea, mrefu, mkono wa kushoto una makovu ya miiba ya mkonge. Alikuwa anasimama kando ya shuka na kutafsiri kwa sauti. Watu walikuwa wanakuja kwa ajili yake kuliko hata stelingi. Adui akifoka, Pius anasema: "Anasema leo hakuna mtu kwenda nyumbani mpaka mzigo wa mkonge utimie!" Godauni lote linaangua kicheko.

Mimi Kiingereza nilikuwa nakisikia. Nilijua tangu Jumapili ya kwanza kwamba Pius hatafsiri chochote, anatunga. Kwenye filamu adui anazungumzia makombora, kwa Pius adui anazungumzia mkonge. Nikanyamaza. Ya Pius yalikuwa matamu kuliko ya kwenye shuka.

Kulikuwa pia na mama mmoja mwanafunzi wangu, Mama Nakiete. Huyo alikuwa anazungumza na filamu kana kwamba waliomo wanamsikia. Kila suti ikitoka safi anapiga kelele: "Jamani, nani anamfulia huyu?"

Filamu ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo.

Ya tatu, stelingi akaanguka kwenye shimo la tope hadi shingoni. Akapanda juu. Suti safi kabisa. Mama Nakiete akafungua mdomo aseme yake. Kabla hajasema, stelingi akaitazama suti yake. Akatutazama sisi. Akainama, akachota tope kwa vidole viwili, akajipaka begani. Kisha akakonyeza jicho.

Wakuu, lile godauni lilitaka kuanguka. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Mama Nakiete alisimama akalia machozi: "Wametusikia! Wametusikia huko waliko!"

Sijui hao watengenezaji walikuwa na maana gani. Ila ninachojua, siku ile wakata mkonge wa Same walijisikia kwamba kuna mtu mbali huko anajua kwamba wao wanajua. Anawaambia, najua ni uongo, nanyi mnajua ni uongo, njooni tucheke pamoja.

Hiyo ndiyo sense of humour unayoilalamikia, kijana.

Sasa niingie kwenye yangu.

Ili kufundisha vizuri niliamua kuwajua wanafunzi wangu nyumbani kwao. Nikawa napita nyumba hadi nyumba na daftari. Nikachora ramani ya kambi, kila nyumba na njia yake. Nikaandika jina la kila mtu mzima na alikotoka. Mbele ya jina, anayejua kusoma nikamwekea mstari. Asiyejua, nikamwekea msalaba.

Sikumwambia mtu maana ya alama hizo. Kulikuwa na watu ambao hawakuwa wamejiandikisha darasani kwa sababu wanaficha. Mtu anashika gazeti barazani, anafunua ukurasa, anatikisa kichwa, lakini herufi hazijui. Mwalimu huyaona hayo. Niliwaandika ili nitafute namna ya kuwaita bila kuwaaibisha.

Mmoja wao alikuwa katibu wa tawi letu la chama.

Katibu alikuwa mtu mzima, mkali na mwadilifu. Sijawahi kumsikia akimwonea mtu. Lakini siku moja nilimpelekea barua kutoka wilayani, akaniambia nimsomee kwa kuwa miwani ameisahau nyumbani. Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, naiona. Nikamsomea. Usiku huo nikamwekea msalaba.

Basi, daftari hilo nikalisahau bombani nilipokwenda kuchota maji.

Mkumbuke zama zenyewe. Redioni kila siku tunaambiwa tuwe macho, adui yupo mipakani na anaweza kuwa yupo ndani. Mgambo mmoja akaliokota, akafungua. Ramani ya kambi nzima. Majina ya watu na mikoa yao. Misalaba.

Kesho yake saa nne asubuhi nikaitwa godauni. Nilipoingia watu wamejaa. Katibu amekaa mezani, daftari langu mbele yake, mgambo wawili kando. Hakuna aliyejibu salamu yangu. Hata watu niliowafundisha kushika chaki walikuwa wanatazama miguu yao.

"Mwalimu Nakunda, daftari hili ni lako?" Katibu akauliza.

"Ni langu, Katibu."

"Ramani ya nyumba za watu ni ya nini?"

"Ya kujua wanafunzi wangu wanakaa wapi."

"Na hii misalaba? Nimeambiwa ipo mbele ya majina ya watu. Umewapangia nini watu hawa?"

Hapo nikanyamaza.

Nikisema ukweli, mgambo atasoma orodha hadharani kuhakikisha. Atafika kwenye jina la Katibu. Mtu aliyewaongoza kwa miaka atavuliwa nguo mbele ya watu wake, na mimi binti wa miaka ishirini na miwili ndiye niliyemvua. Nisiposema, mimi ni jasusi.

 Nikamfikiria mama yangu kule Mamba akiletewa habari kwamba binti yake amekamatwa anauza nchi.

"Mwalimu, jibu," Katibu akasema. "Gari la kwenda wilayani linasubiri nje."

"Siwezi kusema, Katibu."

Watu wakaguna. Mgambo mmoja akanishika mkono.

Ndipo Pius akasimama kule nyuma.

"Katibu, naomba kusema. Msalaba wangu mimi naujua."

"Unaujuaje?"

"Unasema Pius hajui kusoma. Kila nyumba aliyopita mwalimu aliuliza jambo moja, nani anajua kusoma. Nimekaa darasani miezi minne na herufi bado zinanikimbia. Ndiyo maana yake, hakuna nyingine."

Mgambo akamcheka. "Wewe usijue kusoma? Wewe unayetutafsiria Kiingereza kila Jumapili?"

Pius akawageukia watu wote. 

"Hicho Kiingereza nacho sikijui," akasema. "Najua yes, no, na matusi ya msimamizi wa zamani. Mengine yote nimekuwa nawatungia. Filamu zote."

  Mtu mwenye jina kubwa kuliko wote pale shambani amejivua jina lake mwenyewe, kwa hiari yake.

Halafu Mama Nakiete akapaza sauti: "Pius, ulidhani hatujui? Adui gani wa Ulaya anadai mzigo wa mkonge?"

Pius akamtazama. Akainama taratibu, akachota vumbi la sakafuni kwa vidole viwili, akajipaka begani.

Wakuu, siwezi kuwaelezea kicheko kile. Kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua inavyoshuka kutoka mlimani. Yule mgambo aliyenishika aliniachia ili ajishike tumbo.

"Na mimi msalaba wangu mwalimu aukoleze, uonekane!" Mama Nakiete akasema huku anasimama. "Tujifiche kwa nini na umri huu?"

Akasimama mwingine. Na mwingine. Hata waliokuwa hawajawahi kuja darasani, wale wa kushika magazeti. "Wangu upo?" "Na wangu?" Ikawa kama watu wanagombea misalaba.

Katibu peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama daftari. Alilifungua, akapitisha kidole polepole kwenye ukurasa, mstari kwa mstari, nami nikajua kwamba haoni chochote pale. Akainua macho akanitazama mimi. Alikuwa ameelewa kwa nini nilinyamaza. Nina hakika na hilo kama nilivyo na hakika na jina langu.

Akafunga daftari. Akasimama, akanipa kwa mikono miwili.

"Darasa ni saa tisa, siyo?"

"Saa tisa, Katibu."

"Mkutano umefungwa."

Saa tisa alikuja. Akapita katikati ya watu, akakaa mbele kabisa, akatoa miwani mfukoni akaivaa. "Mwalimu, nianzie wapi?" Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemtazama sana. Walimsogezea tu nafasi.

Jioni ile nilimfuata Pius kumshukuru. Nikalia. Akaniambia nisilie, eti nimemsaidia yeye. Kila Jumapili alikuwa na hofu kwamba siku moja ataingia mtu anayejua Kiingereza na kumwumbua.

"Mimi najua, Pius," nikamwambia.

"Najua kwamba unajua," akasema. "Mwalimu kama wewe Kiingereza unakijua, lakini ulikuwa unacheka kwenye maneno yangu, siyo ya filamu. Mtu wa namna hiyo ningemwacha apelekwe wilayani?"

Aliendelea kutafsiri, na sasa watu wakawa wanamwagiza kabisa: Pius, leo adui azungumzie ukame. Kusoma alijua mwaka uliofuata, kwa shida, lakini alijua.

Nilikaa pale miaka mitatu, nikahamishiwa Shighatini, Ugweno. Siku ya kuniaga Katibu alisimama na karatasi. Mistari minne. Alikuwa ameiandika mwenyewe na aliisoma mwenyewe, neno kwa neno, kidole kikifuata. Ilichukua muda mrefu. Watu zaidi ya mia walikuwa pale na hakuna hata mmoja aliyekohoa mpaka alipofika mwisho. Alipomaliza alijifuta jasho, akasema, "Nimefika."

Pius na Katibu wote wameshatangulia mbele za haki. Nimefundisha maisha yangu yote, nimestaafu, na kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu baada ya siku ile namhesabia Pius wa Songea, kwa sababu bila yeye kazi yangu ingeishia kwenye lile gari.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu anayekubali kuchekwa kwanza huwafungulia wengine mlango wa kusema ukweli. Mimi nilinyamaza ili nimlinde mtu mmoja. Pius alijicheka, akatulinda sote. Kwa hiyo stelingi akikukonyeza, kijana, usinune.

Nami nawauliza wana jukwaa: ni nani aliwahi kujishusha mbele za watu ili wewe usimame? Mtaje hapa chini, hata kwa jina la utani. Nataka niwasome.