Chai ya Ijumaa

Nikifungua thermosi iliyolala na chai, ile harufu ya maziwa na mvuke wa jana hunirudisha kwenye Sabato moja nyumbani, nje kidogo ya Eldoret.

Kwetu moto haukuwashwa Jumamosi. Mama alipika kila kitu Ijumaa kabla jua halijazama, akajaza thermosi tatu. Ngano yetu ilikuwa imekauka shambani, na mawingu meusi yalikuwa yamesimama upande wa Soy. Kombaini ya kukodi, ya kuvunia ngano, tulikuwa tumeingoja wiki mbili. Ikaja asubuhi ya Sabato hiyo, tukiwa tumeshavaa viatu vya kanisa.

"Mama, ni leo ama wiki ijayo," dereva alisema, vumbi hadi kwenye kope. "Na mvua unaiona."

"Naiona. Leo hatuvuni. Lakini shuka ukunywe chai."

Nusu ya ile ngano iliharibiwa na mvua ya wiki iliyofuata, na sikuwahi kumsikia Mama akiijutia.

Dereva alishuka amekasirika. Alikunywa vikombe vitatu na viazi vitamu baridi, akasema tangu msimu uanze hajalala vizuri. Tuliporudi kutoka kanisani tulimkuta kwenye nyasi kando ya kombaini, kofia usoni, anakoroma. Mama alituambia tusimwamshe.

Aliamka jua limeshazama. Mama alikuwa amechutama jikoni, akiwasha moto wa kwanza tangu jana.

"Mama," dereva aliuliza taratibu kutoka mlangoni, "hii siku yenu iko kila wiki?"

"Kila wiki," Mama akamjibu.