Vidole vya Fundi wa Giaboksi

Kwa miaka thelathini na minne Fundi hakuhitaji miwani kukagua giaboksi. Aliifungua, akaziosha gia kwa mafuta ya taa, akazipanga juu ya gunia safi kama zilivyotoka, kisha akapitisha ncha za vidole jino baada ya jino. Palipolika, vidole vilimwambia. Madereva walimtania kwamba anazibembeleza gia kuliko mkewe, na mkewe, mwalimu mstaafu, aliwajibu papo hapo: "Mwacheni, shemeji zangu. Gia hazimnunii."

Asubuhi hiyo mezani palikuwa na giaboksi ya basi la shule. Gia ya tatu ilikuwa ikichomoka yenyewe mteremkoni. Fundi alikuwa ameshabadilisha beringi mbili na kumhakikishia dereva kwamba gia zote ni nzima. Mkewe alimletea chai, akainama kutafuta mahali pa kuweka kikombe, akabaki ameinama.

"Baba Watoto, hapa pana nini?"

Fundi akagusa. Laini. Akajaribu kwa kidole kingine, laini vilevile. Alipoipeleka gia dirishani ndipo alipoona kwa macho: meno mawili yamemeguka pembeni. Ganzi ile aliyoisingizia baridi tangu mwaka jana ilikuwa imemwibia vidole, naye hana habari.

Dereva alikuwa nje, akipiga soga kwenye simu. Mke wa Fundi akashusha sauti.

"Badilisha hiyo gia, ufunge. Nani atajua? Jina lako si la kuchezewa barabarani."

"Na giaboksi zile nilizofunga tangu ganzi ianze?"

Magari yenye giaboksi hizo yalikuwa yakibeba watu wakati huohuo.

Fundi akamwita dereva, akamwonyesha gia. "Nilikwambia ni nzima. Nilikosea. Vidole vyangu havihisi tena. Mke wangu ndiye aliyeona."

Dereva akacheka. "Mzee, acha utani." Kisha akamtazama usoni, akavua kofia.

Fundi akaanza kuyataja magari ya kurudishwa yafunguliwe upya: lori la mchanga, gari la wagonjwa, teksi mbili. Mwalimu akashika chaki, na mwandiko wake ulinyooka. Aliyaandika yote kwenye ubao wa mlangoni, moja moja. Alipomaliza, bila kuambiwa, akaandika juu ya orodha hiyo jina la mumewe kwa herufi kubwa, lisomeke hata ng'ambo ya barabara.