Magoti Tuliyorithi kwa Mama

Mimi na dada yangu tulirithi magoti ya mama. Ndivyo tulivyokuwa tukitaniana, yeye akiwa Mbozi kwenye kahawa yake, mimi Tunduma nikiuza vitenge. Mama alimalizia uhai wake akiwa amekaa mlangoni, miguu imepinda, akisubiri kunyanyuliwa. Hilo hatukulitania.

Siku moja tulikwenda pamoja Mbeya kwa daktari wa mifupa. Alizitundika picha zetu za eksirei ubavu kwa ubavu, akasema mifupa yetu inasagana. Mazoezi na dawa za maumivu tulikuwa tumeshajaribu. Kilichobaki ni kuwekewa goti bandia.

"Lini, daktari?" nikauliza.

"Mtaamua wenyewe. Mkiona maumivu yanawanyima usingizi na kazi, njooni. Ila msikae mpaka mkose nguvu ya miguu. Hasa wewe, mama." Akamgeukia dada. "Presha yako siipendi."

Tukiwa njiani kurudi, tulipokaribia Vwawa, dada akanigeukia.

"Mimi nitafanya tukishavuna," akasema. "Wewe tangulia, mdogo wangu."

"Wewe ndiye mkubwa. Tangulia, nikuone."

Akacheka, nami nikacheka. Ukweli ni kwamba kila mmoja alitaka mwenzake akatwe kwanza.

Kahawa ikavunwa, mahindi yakapandwa, hakuna aliyekwenda. Kwenye simu nilikuwa namsikia akiguna kila anaponyanyuka, halafu anaendelea na maongezi kama vile hakuna kitu. Goti langu nalo likaanza kukwama. Asubuhi moja pale Chapwa, hapohapo Tunduma, nilikuwa nakatiza katikati ya malori yaliyopanga foleni ya mpakani, likagoma kabisa. Lori la nyuma yangu likawashwa. Nilipiga ukelele, nikaligonga bodi kwa viganja mpaka dereva akachungulia dirishani, uso umembadilika.

Dada sikumwambia.

Wiki hiyohiyo naye akaanguka. Alikuwa akigeuza kahawa iliyobaki kwenye kichanja cha kuanikia, goti likamwachia, akavunjika nyonga. Nyonga ilifungwa vyuma, lakini baada ya hapo moyo ukamsumbua sana, na daktari akatuambia habari ya goti tusiizungumze tena.

Nilipokwenda kumwona nyumbani alikuwa amelala chali, anatazama dari.

"Ulikuwa unanisubiri?" akaniuliza.

"Ndiyo, dada."

"Basi, usinisubiri."

Nilikwenda kufanyiwa upasuaji kabla mvua hazijaisha. Walinichoma sindano ya mgongo, kwa hiyo sikusikia maumivu, ila nyundo niliisikia ikigonga, na kitanda kikitikisika. Nilifumba macho nikamwona mama pale mlangoni. Mazoezi ya baadaye yaliniliza mbele ya watu. Lakini goti likakunja, likanyooka, na hatimaye nikatembea bila fimbo.

Nikaenda Mbozi kumwonyesha dada. Alikuwa amekonda, mikono imekuwa myepesi. Akaomba nipandishe kitenge, akaupitisha mkono juu ya kovu, taratibu, kutoka juu hadi chini.

"Limepona," akasema. Kisha akaliangalia goti la pili, lile la zamani. "Na hili?"

"Hili halina shida."

Aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo. Nilikuwa nimelipaka dawa ya kuchua tangu alfajiri, na chini ya kiganja chake goti lilikuwa limevimba, la moto.