Magurudumu Matatu ya Kijiji

Mume wangu alikuwa hodari wa baiskeli, na hilo ndilo lililomponza.

Kijiji chetu cha ujamaa, ndani kabisa huko Kisarawe, kiliahidiwa pikipiki ya magurudumu matatu, yenye bodi dogo nyuma la kubebea mihogo, korosho na, zaidi ya yote, wagonjwa. Sharti lilikuwa moja: kijiji kipeleke watu Kibaha wakafundishwe, na wasipofuzu, pikipiki iende kijiji kingine. Wazee wakakuna vichwa. Mwanamke mwenye uchungu hawezi kupakiwa peke yake na mwanamume asiye wake, na nani aliwahi kusikia dereva mwanamke? Wakaamua waende mtu na mkewe. Mume aendeshe, mke akae nyuma amshike mgonjwa. Basi mimi nilipelekwa Kibaha kujifunza kukaa.

Tulifikia kwa shangazi wa mume wangu, huko Mbwawa, na kila asubuhi tulitembea hadi uwanja wa mafunzo. Mkufunzi alikuwa mtu mkavu, mwenye filimbi shingoni, asiyejua kucheka. Alinitazama nilivyovaa suruali ya mume wangu ndani ya gauni, na kanga juu yake, akasema, "Ndugu zangu, hapa kila mtu anaendesha. Dereva akiugua njiani, nani atawarudisha?"

Mume wangu alicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Kwa miaka mingi alikuwa akiuza machungwa kwa baiskeli, matenga mawili nyuma, na mteremko wa Pugu aliushuka akiimba. Sasa baiskeli inataka uilalie kona kwa kuinamia upande, na ikisimama uteremshe mguu. Pikipiki ya magurudumu matatu haitaki hata moja kati ya hayo. Unakaa wima, unavuta usukani kwa mikono, na miguu inabaki juu, maana ukiiteremsha gurudumu la nyuma linakukanyaga. Yeye kila kona alilala, na chombo kikaenda moja kwa moja hadi majanini. Kila akisimama, mguu chini. Kiatu chake cha kushoto kilikanyagwa hadi kikawa bapa kama mwiko.

"Ndugu, baiskeli iache nyumbani!" mkufunzi alipiga kelele.

"Nimeiacha, ndugu mkufunzi. Ila mwili umekuja nayo."

Mimi sikuwahi kupanda baiskeli maishani. Kwetu, msichana kupanda baiskeli ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo sikuwa na cha kusahau. Haikupita wiki nikawa nayazunguka mapipa yote uwanjani bila kuligusa hata moja. Nilifurahi, kusema kweli nilifurahi mno, ila jioni nilijizuia kwa sababu mwenzangu alikisogeza chakula kando.

"Mwanangu, mazoea yana taabu," shangazi yake alimwambia. 

Nilijua kinachomuuma, na haukuwa wivu. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza njiani. Uchungu ulinishika wakati wa masika, akanipakia kwenye baiskeli yake na kuisukuma matopeni kuelekea hospitali ya Kisarawe, na hatukufika. Baadaye tulijaliwa wengine, wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini kila tulipopita njia ile aliharakisha hatua. Kijiji kilipotangaza habari ya pikipiki, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alitaka kuiendesha kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya mtihani mkufunzi alitueleza kwamba kila kijiji kitatoa dereva mmoja, na mwenzake atalala nyuma kama mgonjwa. Dereva akitoka barabarani, wote wawili wameanguka mtihani na hakuna kurudia.

"Jaribu, baba," nilimnong'oneza. "Ukikaa wima utaweza."

Nilisema hivyo nikijua hataweza, naye alijua kwamba najua.

Kijiji chetu kikaitwa. Akaenda hadi kwenye usukani, akaushika, akasimama hapo kidogo. Kisha akauachia.

"Ndugu mkufunzi, dereva ni huyu."

Wanaume waliangua kicheko. Mmoja akauliza, "Sasa mjamzito ni wewe?"

"Ndiyo, ni mimi," akasema. "Tumetumwa kupeleka wagonjwa. Hatukutumwa kuonyesha nani mwanamume."

Akapanda, akajilaza kwenye godoro lililotandikwa nyuma, akajifunika kanga yangu hadi kidevuni. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonioa.

Niliondoa chombo taratibu. Barabara ilikuwa ya udongo, yenye makorongo, na kila shimo nililipita nikimfikiria aliyelala nyuma. Kwenye kona ya mfereji, ile iliyomtupa yeye mara zote, nilikaa wima, nikavuta usukani, nikapita. Niliporudi uwanjani na kuzima mashine, miguu yote miwili ikiwa juu, mkufunzi alipuliza filimbi.

"Mmefuzu," akasema. Hata siku hiyo hakucheka.

Mume wangu hakuinuka. Wenzetu wakaanza kumtania, "Mama mzazi, amka, umeshafika!" Nikateremka, nikamwendea. Kanga alikuwa ameivuta hadi usoni. Nilipoifunua, macho yake yalikuwa yamejaa machozi, naye anatabasamu.

"Bibie," akaniambia, kwa sauti ya kunitosha mimi tu, "siku ile ya masika tungefika."