Kisanduku cha Malta na Hodi ya Mama

Mimi ndiye mkubwa, na kwetu mkubwa ndiye hupanga kila kitu, iwe harusi, msiba au safari. Kwa hiyo mdogo wangu, muuguzi huko Ujerumani, aliponiambia amekodi fleti kisiwani Malta, katika Bahari ya Mediterania, ili mimi na Mama tutoke Tabora tukakae naye wiki nzima, nilijua mzigo umeniangukia. Kwake hatuwezi kufikia. Anaishi chumba cha hosteli ya hospitali, na wageni hawaruhusiwi kulala. Tena hajaonana na Mama tangu kabla ya msiba wa Baba. Ruhusa ya kuja kuzika alinyimwa, na jambo hilo linamuuma mpaka leo.

Mama alifurahi, mtaa wetu wote wa Gongoni ukajua. Akachemsha viazi vitamu, akavikata, akavianika juani vikawa matobolwa, maana hakuna mtu wa kwetu anayekwenda kwa watu mikono mitupu. Akatafuta na asali. Nikamuuliza vyote hivyo vya nani. Vya mwenye nyumba, akasema, na akataka kujua kama ana watoto, na kama wanapenda vitamu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimweleza kwamba mwenye nyumba hatutamwona kabisa. Ufunguo umo kwenye kisanduku ukutani, unabonyeza namba, kinafunguka, unaingia. Mdogo wangu angefika kesho yake, sisi tukiwa tumeshaingia.

Mama akaweka ungo chini. Akauliza kama amezaa wezi. Mtu unaingiaje nyumba ya watu, hakuna wa kukukaribisha, unavua viatu na kulala? Hata yule Mtume wa kwenye Biblia alipovunjikiwa na jahazi kisiwani humohumo, wenyeji walimpokea na kumwashia moto, sembuse yeye anayekwenda na asali!

Mimi subira sikujaliwa. Nilimwambia huko ndivyo wanavyoishi. Akajibu waendelee kuishi hivyohivyo, yeye haendi.

Nikamwandikia mwenye nyumba, nikamwomba angalau aje atufungulie mlango. Kwa adabu zote akanitumia picha ya kisanduku. Nikaipeleka kwa Mama nikidhani ataona kilivyo kizuri. Akaiangalia kwa miwani, kisha bila miwani.

“Kipe shikamoo yangu,” akasema. “Kikiitikia marahaba, nitakwenda.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini jioni ile akagawa matobolwa yote kwa majirani, na kicheko kikaniisha. Mama akishagawa zawadi za safari, safari imekufa. Nilipompigia mdogo wangu, alilia. Akasema basi, Mama amemkasirikia kwa ajili ya msiba, kisanduku ni kisingizio tu. Roho iliniuma, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kuwaza hivyo.

Nikaweka spika, nikampa Mama simu, nikamwambia amjibu mwanawe mwenyewe.

Mama akamuuliza kama angeweza kubadilisha tiketi, atangulie yeye. Abonyeze hizo namba zake, sisi tusione. Afagie, abandike chochote jikoni, hata uji.

“Halafu mimi nitabisha hodi,” Mama akasema. “Wewe ndiye utakuwa mwenye nyumba. Nimekuja kwako, mwanangu, sikuja kwa kisanduku.”

Mdogo wangu akatuambia kwamba tangu aondoke nyumbani hajawahi kupokea mgeni hata mmoja, na kwamba hata sufuria ya kutosha watu watatu hana. Mama akamwambia sufuria tutakuja nayo, na mwiko pia. Nikaanza kuwaza mizigo ya ndege.

Asubuhi Mama alizunguka kwa majirani kudai matobolwa yake bila haya yoyote, akarudi na nusu. Mengine yalikuwa yamekwisha kuliwa. Tulipompigia mdogo wangu kumpa habari, tiketi alikuwa ameshabadilisha, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya zamani.

“Karibu, Mama,” akasema.

“Bado,” Mama akamjibu, huku akijifuta macho kwa kanga. “Ngoja kwanza nibishe hodi.”