Siku Gari la Babu Lilipokataa Kupiga Magoti

Gari la babu halikuwa na springi. Ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni, na tulilirudia jambo hilo shuleni kwa majivuno, kana kwamba sisi wenyewe ndio tuliolitengeneza. Lilikuwa gari refu la Kifaransa, jeusi, pua yake bapa kama ya kambale, na badala ya springi lilibebwa na mafuta ya kijani yaliyopita ndani ya mabomba membamba. Ukiliwasha lilikaa kimya kidogo, kama mtu anayekumbuka kitu, kisha likainua kiuno, kisha kichwa. Ukilizima lilishuka polepole mpaka tumbo likaribie kugusa udongo.

Butembo nzima hapakuwa na lingine. Babu alikuwa mfanyabiashara wa kahawa, na alilinunua kwa mzungu mwenye shamba aliyekuwa akihama nchi. Katika mji wetu watu hupimana kwa nyumba za ghorofa na malori. Babu alipimwa kwa gari lile.

Alipomwoza shangazi yetu mkubwa, alimpeleka mwenyewe kwa wakwe. Akazima injini katikati ya ua wao, gari likaanza kushuka, na wazee wa upande wa pili wakarudi nyuma wakidhani linavunjika. Babu hakuwa mtu wa kukosa neno.

"Musiogope," akawaambia. "Hata gari yangu inapiga magoti mbele ya bakwe."

Wanawake wakapiga vigelegele, na hapo ikazaliwa desturi ya nyumba yetu. Binti hatoki garini mpaka gari limalize kupiga magoti. Akitoka mapema, ni kana kwamba tumemtupa. Shangazi zangu wote walitoka hivyo, na kila mmoja ana picha yake akiwa na mguu mmoja nje, gari likiwa limelala chini kama ng'ombe anayepumzika.

Kisha babu akafa, vita vikaja na kurudi, na yale mafuta ya kijani yakakosekana kabisa. Mabomba yakakauka. Fundi mmoja, baada ya kuhangaika sana, akafunga springi alizozitoa kwenye jeep kuukuu, na gari likasimama wima, miguu imekakamaa, kama mbuzi anayekataa kuvutwa. Tangu hapo halikushuka tena. Nje ya nyumba yetu hakuna aliyejua, maana lilitoka bandani kwa nadra, likazungushwa uani, likarudi.

Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu namwita yaya, alichumbiwa na mwalimu wa Beni. Familia ya mwalimu ilikuwa ya wakulima wa kakao kutoka Mbau. Walikuwa wamekimbia mauaji, wakaacha mashamba, wakapanga nyumba ya mbao mjini Beni. Papa, yaani baba yetu, hakuikataa posa. Alianza tu kusema "bale batu ba Mbau" kwa sauti ambayo mtu huitumia akiondoa unywele kwenye chakula. Mimi niliisikia sauti hiyo na sikusema kitu, kwa sababu wakati huo nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza na niliipenda familia yetu kama mtu anavyokipenda kitabu anachokiandika.

Siku ya kuzungumzia mahari, mbuzi walipokwisha kukubaliwa, papa alisimama.

"Sisi hapana kuleta mutoto juu ya pikipiki," alisema. "Atafika na gari ya baba yangu. Na itapiga magoti mbele yenu."

Mama wa bwana harusi alikuwa mjane mdogo wa umbo, goti lake la kulia bovu, akitembea kwa kuegemea upande. Aliinua uso.

"Inapiga magoti kabisa, papa?"

"Kabisa, mama."

"Eh! Basi na sisi tutajitayarisha."

Nilipiga makofi kuliko wote.

Wiki ya harusi ilipofika, papa alituita bandani, mimi na baba mdogo, yaani mdogo wake wa mwisho. Akagonga gurudumu la mbele kwa kiatu.

"Mukifika kule, kila mutu kwa pneu yake. Munaingiza kijiti ku kitundu cha upepo, munafungulia pole pole. Itashuka mbele. Itaonekana sawa na zamani."

"Na kama batu banaona?" baba mdogo aliuliza.

"Batakuwa banaangalia mariée." Yaani bibi harusi.

Ndipo nilipopaswa kukataa. Lakini niliuona mpango ule kuwa mzuri. Niliuona hata kuwa wa kishairi: pumzi ya babu, nilijiambia, ikitoka polepole.

Barabara ya Beni ingelimaliza gari lile kabla ya kufika Maboya, kwa hiyo papa aliamua lipande juu ya lori. Tukalifunga kwa kamba kati ya magodoro ya yaya na masufuria yake, na mimi na baba mdogo tukakaa mbele na dereva. Yaya na papa walifuata kwa teksi. Watu walisimama kando ya njia wakitazama lile gari jeusi likipita juu angani, limefunikwa vumbi. Kwenye kizuizi cha Kabasha askari alilizunguka lori mara mbili, akacheka.

"Mobange oyo, bozokende kokunda ye?" Huyu mzee, mnaenda kumzika?

"Hapana, chef," baba mdogo alimjibu. "Tunaenda kumuozesha."

Tulilishushia kwenye tuta la udongo nje kidogo ya Beni, tukalimwagia maji, tukalisukuma mpaka injini ikakohoa. Yaya akaingia nyuma na gauni lake, akakusanya shela mapajani. Papa akakaa kwenye usukani katika suti yake ya rangi ya maziwa. Wakati ule, kwa dakika chache, barabarani, wapita njia wakipunga mikono, tulikuwa tena watu wa babu.

Ua wa wakwe ulikuwa umefagiwa mpaka alama za ufagio zilionekana kama mistari ya daftari. Na mbele, kwenye udongo, palitandikwa vitenge viwili vipya, vya manjano, bado vina ukakamavu wa dukani. Kimoja kwa kila gurudumu la mbele. Mama mkwe alikuwa akikinyoosha kimoja kwa mikono.

"Juu magoti isichafuke," nilimsikia akimweleza jirani yake: ili magoti ya gari yasichafuke.

Aibu yangu ilianzia hapo, kabla ya jambo lolote kutokea. Wale walikuwa watu walioondoka kwao na walichoweza kukibeba kichwani. Wamenunua vitenge vipya, wamevilaza chini kwa ajili ya chuma chetu.

Papa akayapandisha magurudumu juu ya vitenge, akazima injini. Ua ukanyamaza. Na hakuna aliyemwangalia mariée. Tuliwaahidi kwamba gari litapiga magoti, kwa hiyo wote, wazee, wanawake, watoto walioning'inia kwenye ua wa miti, waliyakazia macho magurudumu.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchuchumaa, kitambaa mkononi, nikijifanya napangusa vumbi. Upande wa pili baba mdogo naye alikuwa amechuchumaa. Sikujua la kufanya ila lile nililoagizwa. Nikaingiza kijiti. Upepo ukatoka kwa mlio mrefu, mwembamba, katika kimya kile chote.

"Mama!" mtoto akapaza sauti. "Gari inajamba!"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Upande wa baba mdogo kitundu kilikuwa kimeziba kwa kutu, kijiti chake kikavunjika humo humo, na gari likaanza kulala upande wangu tu, likapinda kama mlevi anayetafuta ukuta.

"Inapiga goti moja!" mzee mmoja akasema akipangusa machozi. Wao ni Waprotestanti, sisi Wakatoliki, na kupiga goti moja kanisani ndiyo kawaida yetu. "Muache, njo kawaida ya bakatoliki!"

Wakacheka zaidi. Chini ya injini tone jeusi likajikusanya, likaanguka juu ya kitenge. Likafuata lingine. Nikaweka kitambaa changu pale, kikaloa, doa likaendelea kupanuka pembeni yake.

Niliinua macho, nikakutana na ya yaya nyuma ya kioo. Gari limemsukuma mlangoni, shela imeteleza, jasho limechora mistari kwenye poda. Midomo yake ikauliza: nitoke? Nikatikisa kichwa. Akitoka, tumemtupa. Asipotoka, ataketi mle akichekwa siku ya harusi yake. Papa alikuwa anatazama mbele, shingo imekakamaa, mkono wake ukivuta kile kishikio cha zamani cha kushushia gari, ambacho hakikuwa tena kimeunganishwa na kitu chochote. Alikivuta, akakirudisha, akakivuta.

"Munyamaze," mama mkwe alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini walinyamaza. Alikuja kwa mwendo wake wa kuegemea, akafika kwenye mlango wa yaya, akashika kitasa.

"Gari imetoka mbali," alisema. "Imechoka. Acha mimi nipige ku nafasi yake."

Akaanza kushuka, kwa goti lile bovu, akijikaza kwenye kitasa. Kwetu mama mkwe hapigi magoti mbele ya mtoto anayeletwa kwake. Sisi ndio tuliopaswa kushuka. Desturi yote ya babu, ukiiondolea mafuta ya kijani, ilikuwa ni hiyo tu.

Papa aliruka nje.

"Hapana, mama! Hapana! Simama!"

"Papa, mutoto iko na joto mule ndani."

"Simama, nakuomba."

Alimshika viwiko, na kwa sababu hakuweza kumwinua kutoka juu, alishuka yeye. Magoti yote mawili ya suti ile yakaingia kwenye kitenge, kwenye mafuta. Alikaa hivyo kichwa chini, mikono yake bado imemshika mjane, na nikamsikia akisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, "Njo sisi. Njo sisi tunapiga."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nadhani wengine waliamini kwamba ndivyo ilivyopangwa.

Yaya akafungua mlango mwenyewe. Alimpita papa bila kumtazama, akaenda kumwinua mama mkwe wake, wakaingia ndani wameshikana.

Gari halikuwaka tena; tulilisukuma kidogo tu ili vitenge vitoke chini yake. Lori lilikuwa limekwisha kwenda kupakia mbao Eringeti, tukarudi Butembo kwa teksi, papa amefunika magoti yake kwa koti. Alisema atatuma watu walifuate. Akasema tena wakati wa Noeli. Baadaye akaacha kusema, na hakuna nyumbani anayemkumbusha.

Mwezi uliopita nilikwenda Beni kumwona mtoto wa kwanza wa yaya. Gari liko pale pale, limepinda vile vile, chini ya turubai lililofungwa vizuri kwa kamba. Mama mkwe alitoka jikoni kunipokea. Alikuwa amevaa kitenge cha manjano, kimefuliwa mpaka kimepauka, na mbele, kwenye paja, palikuwa na doa la ukubwa wa kiganja lililokataa kutoka.

Aliona nilipotazama. Alikifungua kitenge kiunoni, akakizungusha, akakifunga upya ili doa liingie ndani ya mkunjo, haraka, kama mtu anayeficha kosa lake mwenyewe.

"Njo ya kazi ya jikoni tu hii," alisema. "Karibu, binti yangu. Unakula sombe?"

Nikasema ndiyo, kisamvu nitakula. Nilisema nikitazama chini, na nilikula hivyo hivyo.